Trauti Waliofutwa Daftarini

Ntinyari aliwaona saa tatu asubuhi, na kabla akili haijakubali kilichoonwa na macho, miguu yake ilikuwa imeshaingia majini na viatu vyake.

Alikuwa ameshuka kupima joto la kijito, kama alivyoshuka kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kutumbukiza kipimajoto chini ya ukuta, kuhesabu hadi mia, kusoma, kuandika, kurudi. Cheo chake kilikuwa Msoma Joto. Kijito chenyewe kiliitwa Baridi, ingawa kilikuwa hakistahili tena jina hilo. Mamlaka ya Maji ilikuwa imejenga ukuta wa mawe na saruji pale kijito kinapotoka msituni, ukuta usiozidi kimo cha watu wawili waliobebana, ili maji yainuke na kujaza mabwawa ya kufugia samaki yaliyochimbwa kandokando. Kilichobaki chini ya ukuta kilikuwa utepe mwembamba wa maji, uliotambaa juani katikati ya mashamba ya viazi kama mgonjwa anayetafuta mlango.

Na leo, katika kidimbwi kilicho mguuni pa ukuta, alikuwamo trauti, samaki wa maji baridi.

Hakuwa wa mabwawani. Wale wa mabwawani Ntinyari aliwajua: wanono, wazembe, mapezi yamelika kwa kusugua saruji, wakisikia nyayo za mtu huja juu midomo wazi wakidai chakula. Huyu alikuwa mwembamba. Mgongo wake ulikuwa wa kijani cha majani ya chai, madoa meusi yametapakaa mpaka mkiani, ubavuni mstari mwekundu kama jeraha lililopona vizuri, na mapezi yake yalikuwa mazima, makali, yamenyooka kama karatasi ambayo haijaandikwa. Alielekeza kichwa ukutani akabaki palepale huku maji yakimpita, na kule kubaki palepale kulikuwa kazi kubwa kuliko safari yoyote Ntinyari aliyowahi kuifunga. Nyuma yake akaona mwingine. Kisha watatu. Kisha sakafu yote ya kidimbwi, aliyoidhania kuwa mawe, ikatikisa mikia.

"Wapo," alisema kwa sauti, akajishika mdomo.

Wapo. Hawapo. Mkono wangu huu ndio ulioandika hawapo.

Maana katika nchi ile kitu kilikuwapo kwa kuandikwa. Mtu aliyezaliwa akasahauliwa na daftari aliweza kuishi hadi uzeeni bila mtu kumwitikia salamu, na kilima kilichofutwa watu walikipanda wakihema huku wakishangaa kwa nini tambarare inawachosha. Hakuna aliyeona ajabu. Miaka kumi na mmoja nyuma, lango la ukuta lilipofungwa, afisa wa Mamlaka alisimama juu ya ukuta akaamuru, naye Ntinyari akaandika: Trauti wa mwituni, Kijito Baridi, hakuna. Wakati ule bado walikuwa wakirukaruka mbele ya macho yake. Alipotia nukta wakawa hawaonekani tena, na tangu hapo hakuwahi kuamua kama walikufa kwa maji kupungua au kwa wino. Je, kiumbe huwapo kwa sababu kipo, au kwa sababu kuna aliyekubali kwamba kipo? Na kama ni hilo la pili, yule anayekubali alikubaliwa na nani? Swali hili alikuwa amelibeba miaka yote, akalizoea kama mtu anavyozoea jiwe kiatuni, na sasa lilikuwa mbele yake linapumua kwa mashavu.

Moyo ulimdunda. Alitumbukiza kipimajoto, furaha imemjaa, akahesabu hadi mia kwa pupa. Digrii kumi na tisa.

Furaha ikasita. Ilikuwa saa tatu tu, na anga halikuwa na wingu hata la kusingizia. Alijua hesabu ya kijito kile kama anavyojua vidole vyake: saa tano kingefika ishirini na mbili, saa saba kingepita ishirini na nne, na trauti hawezi kuvuka hapo. Maji yakipata joto hupoteza pumzi, na trauti hufa akiwa ndani ya maji kama mtu anavyokufa ndani ya nyumba yenye moshi.

"Usiandike!"

Sauti ilitoka ng'ambo. Alikuwa Kathure, wifi yake, mjane wa kaka yake, mwanamke mrefu aliyelima ukingo wa kushoto. Alikuja mbio, jembe mkononi, leso imemlegea kiunoni.

"Wifi, umewaona?" Ntinyari alipiga kelele. "Umeona mapezi yale? Wa mwituni! Wa mwituni kabisa!"

"Punguza sauti. Nawajua kabla yako." Kathure aliingia majini akamshika mkono. "Wamekaa kwangu miaka yote hii. Kwenye ile kona yenye mikuyu."

Ntinyari alimkodolea macho. Kila mtu aliijua kona ile. Wakulima wengine walikuwa wamekata miti ya ukingoni wakapanda viazi mpaka kwenye maji, wakamcheka Kathure kwa kuacha kipande kizima cha shamba kimelala kivulini. Wengine walisema ni huzuni ya ujane. Wengine walisema ni uvivu.

"Ndiyo maana hukukata mikuyu."

"Ndiyo maana sikukata. Chini yake palikuwa na kina, na baridi. Nilikuwa nikienda kuwaangalia kila Jumapili kama mtu anayekwenda kuwaona ndugu gerezani. Juzi Mamlaka wamevuta maji zaidi kujaza mabwawa, na kona yangu imebaki matope. Kwa hiyo wamepanda huku. Wanatafuta baridi, nayo iko nyuma ya ukuta."

"Na hukuniambia. Mimi, wifi yako."

"Wewe ni Msoma Joto," Kathure alisema, bila hasira, kama anayetaja rangi ya nguo. "Ningekuambia, ungeandika. Ungeandika, wangekuja na nyavu kuhakikisha. Niliwaficha kwa sababu kitu ambacho hakimo daftarini hakuna anayekivua."

"Na hakuna anayekiokoa pia."

Trauti mmoja aliondoka kundini, akarudi nyuma, akajikunja, akaruka. Alitoka majini mwili mzima, aking'aa, akagonga ukuta kimo cha kifua cha mtu, akaanguka chali. Ntinyari alihisi pigo lile katika meno yake.

"Nakwenda kwa Mbaabu," alisema.

Mbaabu alikuwa Mshika Lango. Aliishi juu ya ukuta wenyewe, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama mabwawa, na ufunguo wa gurudumu la lango ulining'inia shingoni mwake kwa mkufu. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu visivyowahi kulowa. Ngazi za kumfikia zilikuwa ishirini na nne, na kila aliyezipanda aliijua hali yake: ukuta ule ulikuwa umegawa wakati pamoja na maji. Upande wa chini saa zilikwenda kwa king'ora cha Mamlaka, haraka, na watu wakazeeka kwa king'ora. Upande wa juu, msituni, asubuhi moja iliweza kukaa siku tatu bila kukatika. Juu ya ukuta penyewe mtu alisimama mguu mmoja katika leo na mwingine katika kitu kisicho na jina, na ndiyo sababu Mbaabu, aliyekaa hapo miaka mingi, alikuwa na nywele za mzee na mikono ya kijana.

"Bi Ntinyari. Umekuja mapema na umelowa," alisema.

"Bwana Mbaabu, fungua lango. Kuna trauti wa mwituni chini, wengi, na maji yanachemka."

Alifungua daftari badala ya lango. Alipitisha kidole kwenye mistari hadi akaupata mwandiko wake Ntinyari. "Hapa pameandikwa hakuna."

"Niliandika mimi."

"Basi wewe ndiye shahidi bora kwamba hawapo." Hakuwa akifanya mzaha, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Labda ni wa mabwawani wametoroka."

"Mapezi yao ni mazima."

"Mapezi hayasemi chochote mpaka yawekwe mezani. Utaratibu ni huo, mama. Ili neno 'hakuna' lifutwe, lazima mmoja alazwe hapa." Aligonga meza. "Apimwe urefu, afunguliwe tumbo, athibitishwe. Niletee mmoja tu, nami nitapeleka ombi."

"Na ombi litajibiwa lini?"

Mbaabu alitazama dirishani, upande ule ambako asubuhi haikatiki. "Likijibiwa," alisema.

Ntinyari alishuka mbio. Kathure alikuwa amesimama ndani ya kidimbwi, ametanua leso juu ya maji kwa mikono miwili, na chini ya kivuli kile samaki walikuwa wamebanana kama watu waliokimbilia baraza mvua ikinyesha. Kipimajoto kilisema ishirini na moja.

"Anamtaka mmoja mezani," Ntinyari alisema.

Kathure alisogeza tu leso kidogo, ampishe.

Ntinyari aliingiza mikono. Hakuhitaji wavu, kwa maana samaki walikuwa wamechoka. Alimfikia jike mmoja mkubwa, akapitisha viganja chini ya tumbo, akamwinua mpaka mgongo ukatoka hewani. Tumbo lilikuwa limejaa mayai, kama mfuko wa mtama. Akamhisi akipiga, nguvu moja ndefu isiyo na woga wala ombi ndani yake. Mmoja kwa ajili ya mia. Ni haki? Nani alisema hesabu hiyo ni yangu kuipiga? Nimwue ili athibitike kuwa hai. Nimfungue tumbo ili waone kwamba lilikuwa na kitu. Na wakishaona wataandika yupo, nukta, siku ileile asipokuwapo. Halafu kesho wataniambia nilete mwingine, maana huyu wa jana ni maiti, na maiti haithibitishi walio hai. Na mimi nitaleta. Nitaleta mpaka daftari lijae na kijito kiishe.

Alimrudisha. Akamshika majini kichwa kikiwa kimeelekea mkondo, mpaka alipojiondoa mwenyewe mikononi mwake.

Kisha akainua uso akaita kwa sauti ambayo hakujua anayo: "Mbaabu! Toka dirisha la mabwawa! Njoo upande huu utazame chini!"

Kichwa chenye mvi kilitokeza ukingoni mwa ukuta. "Nimesema mmoja mezani, Bi Ntinyari."

"Na mimi nasema shuka. Meza iko huku."

"Mshika Lango hashuki."

Hakumaliza kauli hiyo vizuri. Trauti aliruka, akagonga ukuta moja kwa moja chini ya macho yake, akaacha alama ya maji yenye umbo lake juu ya saruji kavu. Mwingine akaruka kabla alama haijakauka. Mwingine. Kila mmoja alikuja kwa kasi ileile, akagonga kwa kishindo kilekile, akaanguka, na waliokwisha kuanguka wakarudi nyuma wakajipanga tena.

"Hesabu, Bwana Mbaabu!" Ntinyari alilia. "Wewe ni mtu wa kuhesabu! Hesabu wasiokuwapo!"

Walimwona midomo yake ikicheza. Mmoja. Wawili. Wanne. Alama za maji zilifunika ukuta kama saini za watu wasiojua kusoma. Alipofika wa saba kichwa kilitoweka, na wanawake wale wawili wakadhani ameshindwa kutazama, amerudi dirishani pake.

Lakini vishindo walivyovisikia vilikuwa vya viatu kwenye ngazi.

Mbaabu alifika ukingoni akasimama. Alitazama viatu vyake, akatazama maji, akaingia. Maji yalimfika magotini. Alipiga hatua tatu kama mtu anayetembea chumbani gizani, akafika katikati ya kidimbwi, na jua lililokuwa nyuma yake likatupa kivuli chake mbele, kirefu, cheusi, juu ya maji. Samaki wakakiona. Mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakahamia ndani ya kivuli chake, wakatulia hapo, vichwa vimeelekea upande mmoja, mikia ikigusa suruali yake.

"Wamekuja kwangu," Mbaabu alisema. Sauti ilikuwa imepungua umri.

"Wamekuja kwako."

"Wananigusa miguu."

Alisimama hivyo, mikono imetanuka, asithubutu kupumua. Kisha akaanza kusema, na Ntinyari, aliyekuwa kando yake, aliyajua maneno kabla hayajatoka, kana kwamba kumbukumbu ile ilikuwa moja na wao walikuwa wameigawana kwa kosa. "Nilikuwa na miaka ishirini," alisema Mbaabu. "Waliniambia zungusha, nikazungusha." Niliambiwa andika, nikaandika. "Walikuwa wakiruka hivihivi." Walikuwa wakiruka hivihivi. "Nikapanda ngazi nisiwaone." Nikafunga daftari nisiwaone. Kwa kitambo hakujua ni nani kati yao aliyeshika gurudumu na nani aliyeshika kalamu, wala haikuonekana kuwa na maana, kwa sababu amri ilikuwa ileile na mikono miwili iliyoitii ilikuwa sasa ndani ya maji mamoja.

"Fungua lango basi," alisema Kathure, ambaye hakuwa na kumbukumbu ya kugawana na mtu na mikono yake ilikuwa inauma kwa kushika leso. "Kitazame kipimajoto chako. Ishirini na mbili na nusu hii."

Mbaabu alifanya kama anayetaka kwenda, akasita. Samaki chini yake walisogea pamoja naye, wakahangaika.

"Siwezi," alisema. "Nikiondoka kivuli kinaondoka."

Akavua mkufu shingoni, akamtupia Ntinyari ufunguo. Ntinyari akaudaka kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akampa kipimajoto. Hawakupanga. Ilitokea tu, kama watu wanavyopishana mlangoni, na alipoanza kupanda ngazi Ntinyari alisikia nyuma yake sauti ya Mshika Lango ikiwa imekwisha kuwa sauti ya Msoma Joto: "Ishirini na mbili na nusu! Inapanda!"

Gurudumu lilikuwa na kutu ya miaka kumi na mmoja. Aliling'ang'ania kwa uzito wake wote, likakataa. Akavua leso, akalizungushia, akavuta huku amekanyaga ukuta kwa mguu, na lilipolia kilio cha kwanza akalia nalo. Chini, kupitia tundu la lango, uzi wa maji ukachomoza. Ulikuwa mweusi.

Kelele ile iliwatoa wakulima mashambani. Walikuja na majembe, watu kumi, ishirini, wakasimama ukingoni kuangalia kitu ambacho daftari liliwakataza kukiona, na kwa kuwa walikuwa wengi mno kudanganyana, wakakiona. "Trauti!" alipiga kelele mwanamke mmoja, kisha wote wakapaza sauti, wakisukumana, wakicheka, wakiitana kutoka mashamba ya mbali. "Fungua, Ntinyari! Fungua lote! Zungusha!"

"Zungusha lote!" hata Mbaabu alipaza sauti, akiwa amesahau upole wake wote. "Wamalizie shida mara moja!"

Mikono ya Ntinyari ilitaka. Mwili wake wote ulitaka. Gurudumu lilikuwa limelegea sasa, na mzunguko mmoja mkubwa ungeyaachia maji yote ya baridi yaliyolala nyuma ya ukuta tangu siku ile. Lakini Ntinyari aliutazama uzi ule mweusi akaelewa ni nini. Ni matope. Miaka kumi na mmoja ya matope yaliyojilundika chini ya lango. Yakishuka kwa pamoja yangewaziba samaki mashavu, na wangekufa kwa ukombozi wao, mbele ya watu wanaoshangilia.

"Hapana!" alisema. "Kidole kimoja kimoja!"

"Wanakufa!"

"Nikifungua lote watakufa vizuri zaidi! Nisomee joto, Mbaabu!"

"Ishirini na tatu!"

Alizungusha upana wa kidole. Akangoja. Kungoja kule ndiko kulikuwa kazi. Watu walimtukana, mmoja akaanza kupanda ngazi ili amnyang'anye gurudumu, na Kathure akamrukia njiani akamrudisha chini kwa kola ya shati. "Ukitaka kusaidia, ingia majini usimame!" alimfokea. "Nyote! Ingieni msimame upande wa jua!"

Kwanza waliingia wawili. Halafu waliona kilichotokea kwa vivuli vyao, wakaita wengine. Wakasimama bega kwa bega, wanawake wakatanua leso na mashuka, wanaume wakavua makoti wakayashika juu ya vichwa, mpaka kidimbwi kizima kikawa chini ya paa la watu. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga hatua. Waliongea kwa kunong'ona, kama walio kwenye nyumba ya mzazi aliyejifungua. "Amenipita huyu." "Usicheke, utatikisika." "Mungu wangu, ana baridi mgongoni."

"Ishirini na tatu bado!" Mbaabu aliita. Kisha: "Bado!" Kisha, kwa sauti iliyovunjika katikati: "Ishirini na mbili!"

Uzi ulikuwa umekuwa rangi ya chai. Akazungusha kidole kingine.

Hapo ndipo kipaza sauti cha Mamlaka, kilichofungwa kwenye nguzo juu ya ukuta, kilipokoroma. "Nani amefungua lango?"

Ntinyari alisogeza mdomo karibu. "Mshika Lango."

"Mshika Lango ni Mbaabu. Sauti hii si yake."

"Mbaabu anasoma joto."

"Lango limefunguliwa kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya trauti wa mwituni."

"Trauti wa mwituni hawapo. Imeandikwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyeandika." Alipangusa jasho kwa kiwiko. "Niliandika uongo. Nimekiri mbele ya watu ishirini walio majini. Njooni muwaandike wote kwamba hawapo."

Kipaza sauti kilikoroma muda mrefu. Aliyekuwa huko alikuwa akipekua kurasa, ilisikika, akitafuta mstari unaosema nini kifanyike watu ishirini wanapoona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ntinyari hakumngojea. Akazungusha vidole viwili.

"Ishirini!" Mbaabu aliita. "Kumi na nane! Kumi na nane, mama, miguu yangu inakufa ganzi!"

Vicheko vikapasuka chini ya mashuka. Maji yalikuja meupe sasa, yenye kelele, yakipiga mapovu, na harufu yake ikawa ya majani mabichi na mawe. Nyuma ya ukuta ziwa lilikuwa linateremka, likiacha mstari wa unyevu kwenye saruji, mpaka tundu la lango likageuka kutoka bomba lenye hasira kuwa mlango tu, wenye kijito kinachopita. Yule jike mkubwa alikuwa wa kwanza. Hakuruka. Alijisogeza kwenye ulimi wa maji baridi, akasimama, kama anayesoma, kisha akapiga mkia mara tatu akaingia chini ya ukuta na kutoweka. Wengine wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja alipopita watu walivuta pumzi pamoja, mpaka zile pumzi zikawa wimbo usio na maneno.

Ntinyari aliuacha ufunguo ndani ya gurudumu, akashuka upande wa pili.

Hakuwa amekanyaga upande ule tangu lango lifungwe. Kathure alimfuata, wakapanda kijito wakishikana mikono juu ya mawe yenye kuvu, na kadiri walivyopanda ndivyo mchana ulivyorudi nyuma. Mwanga ukalala. Umande ukaonekana kwenye majani. Walipofika penye mkondo mpana usiofika magoti, chini yake changarawe safi, ilikuwa alfajiri ya siku ambayo hawakuweza kuitaja, na kwa nukta moja Ntinyari hakuwa na hakika kama yeye ndiye aliyemshika wifi yake mkono au alikuwa ameshikwa, wala kama wote wawili walikuwa na umri zaidi ya wasichana.

"Tazama," Kathure alinong'ona.

Yule jike alikuwa hatua nne mbele yao. Alilala ubavu, akapiga changarawe kwa mkia, haraka, kwa nguvu, mpaka vijiwe vikaruka na mkondo ukavibeba. Akageuka, akatazama shimo alilochimba, akalala tena, akapiga. Dume mwembamba alisimama kando yake akitetemeka mwili mzima. Kisha wote wawili wakatulia, midomo wazi, na katika maji maangavu Ntinyari aliona mayai yakishuka, rangi ya chungwa, madogo kama shanga, yakizama katikati ya mawe.

Alitaka kupiga vigelegele. Kwa kweli vilikuwa vimeshamfika kooni, aliposikia sauti za watu chini, pale kijito kinapopinda. Kijiji kizima kilikuwa kimepita mlangoni kinakuja, kikiimba, Mbaabu mbele na suruali iliyolowa, wakikanyaga mkondoni kwa furaha, maji yakiwarukia hadi usoni.

Aligeuka akainua mkono juu, kiganja wazi.

Mbaabu aliuona. Akasimama papo hapo, mguu mmoja hewani, akapanua mikono kuwazuia waliokuwa nyuma yake, na wimbo ukakatika kutoka mbele kwenda nyuma mpaka sauti ya mwisho ikazimika. Ntinyari akaonyesha chini. Mbaabu akatazama, akaelewa, akaurudisha mguu wake nyuma polepole, juu ya jiwe kubwa, halafu ukingoni. Mmoja baada ya mwingine watu wote wakatoka majini wakasimama kwenye majani, kimya, wamejaa pande mbili za kijito.

Wakabaki majini wao wawili tu. Jike mwingine alikuwa ameanza kuchimba nyuma yao, na mwingine kulia, karibu kabisa na kisigino cha Kathure.

"Wifi," Kathure alinong'ona, meno yakigongana kwa baridi. "Sijui mayai yako wapi na mawe yako wapi. Nitokeje?"

"Usitoke," Ntinyari alisema.

Wakashikana vizuri zaidi, wakasimama.